Wazo ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mwenye duka asiyeandika mauzo yake. Mimi napenda kuitumia kwa mali ya aina nyingine, ambayo haionekani kwa macho wala haishikiki kwa mikono, nayo ni wazo jipya. Je, mtu anaweza kulimiliki wazo kama anavyomiliki shamba, ng'ombe au nyumba? Na ikiwa anaweza, je, ni haki kufanya hivyo?

Hapa Nduruma tunayajua vizuri magomvi ya mali. Tunajua ugomvi wa mpaka uliosogezwa usiku, wa ng'ombe walioingia katika mahindi ya jirani, na zaidi ya yote, ugomvi wa maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Lakini katika umri wangu huu uliopita miaka sabini, sijapata kusikia mtu akimpeleka mwenzake kwenye baraza la kata kwa kumwibia wazo. Hata hivyo, duniani kesi za namna hiyo zipo, na fedha zinazogombaniwa ni mabilioni. Nazo hazituhusu kwa mbali tu. Simu iliyomo mfukoni mwako, ndugu msomaji, na taa ya sola inayomwangazia mjukuu wako anapodurusu usiku, vyote viwili ni matunda ya mawazo ambayo watu waliyaandikisha kuwa ni mali yao.

Uandikishaji huo huitwa hataza. Maana yake ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze kitu alichokibuni, kwa muda maalumu, isipokuwa kwa ridhaa yake. Siku hizi muda huo katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Kwa upande wake mvumbuzi hana budi kueleza kwa maandishi na michoro jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, kwa ukamilifu wa kutosha hata fundi mwingine mwenye ujuzi aweze kukitengeneza. Maelezo hayo hutangazwa, na yeyote anaweza kuyasoma. Naomba msomaji alishike jambo hili la kutangaza, kwa kuwa tutalirudia.

Ili tusijadili jambo hewani, tuanze na mwanga wenyewe. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, niliwaonyesha wanachuo jaribio ambalo halihitaji maabara. Unatoboa tundu dogo ubavuni mwa chupa ya maji, unaliziba kwa kidole, kisha unamulika tochi kutoka upande wa pili katika chumba chenye giza. Ukiondoa kidole, maji huchuruzika kwa kupinda kuelekea chini, na mwanga nao hupinda pamoja na maji. Ukikinga kiganja mahali maji yanapoangukia, utaona doa la mwanga kiganjani. Jaribio la namna hii lilifanywa na Daniel Colladon mjini Geneva katika miaka ya 1840. Mwanga huenda kwa mstari ulionyooka, lakini unapogonga ukingo wa maji kwa mshazari hurudishwa ndani, ukagonga tena na kurudishwa tena, hata ukafuata njia ya maji. Kwa lugha ya kwetu, mwanga umechimbiwa mfereji.

Uzi wa kioo unaopitisha mawasiliano ni mfereji wa namna hiyo, isipokuwa badala ya maji kuna kioo kisafi mno, chembamba karibu kama unywele. Tatizo la zamani lilikuwa kwamba kioo hunywa mwanga kama mchanga unavyokunywa maji ya mfereji. Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi katika maabara moja huko Harlow, Uingereza, alichapisha makala pamoja na mwenzake George Hockham. Walisema kosa halikuwa la kioo bali la uchafu uliomo ndani yake. Kikisafishwa hata sehemu 1 tu kati ya 100 ya mwanga ikabaki baada ya kilomita moja, mawasiliano ya simu yatawezekana. Wengi hawakuamini. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning ya Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walivuka kipimo hicho. Leo kioo kizuri hupitisha mwanga kilomita 100 ndipo ibaki ile sehemu 1 kati ya 100.

Lakini mfereji peke yake hautoshi, sharti pawe na lango la kuingizia maji na lango la kuyatolea. Katika uzi wa kioo kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo kiitwacho transiva, ambacho kwa upande mmoja hugeuza umeme kuwa mwanga unaowaka na kuzimika mara mabilioni kwa sekunde, na kwa upande mwingine hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme tena. Elimu ya kuoanisha umeme na mwanga kwa namna hii ina hataza nyingi mno, na kidude kimoja kinachoshikika kwa vidole viwili chaweza kuwa na mawazo ya watu wengi walioandikisha haki zao katika nchi mbalimbali.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kwangu mimi kinaliweka wazi swali letu. Mwaka 1979 kijana Mjapani, Shuji Nakamura, aliajiriwa na kampuni ndogo iitwayo Nichia, katika kisiwa cha Shikoku. Wakati huo diodi zinazotoa mwanga mwekundu zilikwisha patikana tangu mwaka 1962, na za kijani zilikuwapo. Diodi ya buluu yenye mwanga mkali ilikuwa imewashinda wakubwa wa dunia, na pasipo buluu hakuna mwanga mweupe. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya walikuwa wamefungua sehemu ya njia. Nakamura akaunda upya kwa mikono yake mtambo wa kukuzia fuwele, na mwaka 1993 kampuni ikatangaza diodi ya buluu yenye mwanga mkali. Ndiyo iliyozaa taa nyeupe za LED, taa zilizokifukuza kibatari katika nyumba nyingi za vijiji vyetu.

Hataza ikawa ya kampuni. Nakamura, kwa mujibu wa habari zilizoenea wakati wa kesi, alipewa bahashishi ya yeni 20,000, fedha isiyozidi dola mia mbili na kitu. Mwaka 2001, akiwa amekwisha hamia Marekani kufundisha chuo kikuu, aliishitaki kampuni yake ya zamani. Januari 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yeni bilioni 20. Kampuni ikakata rufani, na Januari 2005 pande mbili zikapatana kwa yeni milioni 843 hivi. Mwaka 2014 Nakamura, Akasaki na Amano wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Nimewahi kuwasimulia wazee wenzangu kisa hiki, wakagawanyika mara moja. Mmoja alisema, "Chanda chema huvikwa pete. Huyu kavikwa uzi." Mwingine akajibu kwamba mshahara alikuwa akiupata kila mwezi, hata katika miaka ambayo majaribio yake hayakuzaa kitu, na mitambo ilinunuliwa kwa fedha ya kampuni. Laiti angeshindwa, je, angeirudishia kampuni hasara yake? Nadhani wote wawili wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana jambo hili ni gumu. Wazo lilikuwa la Nakamura, muda na mtambo vilikuwa vya mwajiri, na mlango ulikuwa umefunguliwa nusu na wale wa Nagoya. Katika hao, mwenye mali ni nani?

Kuna majibu matatu ambayo watu huyatoa.

Jibu la kwanza husema kwamba wazo halina mwenyewe. Mwanga ni wa Mungu, na sheria za maumbile zilikuwapo kabla ya binadamu. Anayezigundua amekuta tu kilichokuwapo. Mfano mzuri wa msimamo huu ni Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua miale ya eksirei mwaka 1895. Hakuomba hataza yoyote. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia mwaka 1901, fedha zake alizitoa kwa chuo kikuu chake cha Würzburg. Kila aliyevunjika mguu akapigwa picha hospitalini amefaidi ukarimu wa mtu huyo. Ni msimamo wa kupendeza. Lakini tukumbuke kwamba Röntgen alikuwa profesa mwenye mshahara. Ukarimu wa mwenye shibe haufai kugeuzwa sheria ya kumbana mwenye njaa.

Jibu la pili husema kwamba wazo ni jasho. Mchumia juani hulia kivulini. Aliyekesha miaka mingi akijaribu na kushindwa ana haki ya kuvuna, na anayenakili bila kutoa jasho ni mwizi sawa na mwizi wa mahindi shambani. Nalo ni jibu lenye nguvu. Ila lina dosari moja: mahindi yangu yakiibiwa, mimi nabaki sina mahindi, bali wazo langu likichukuliwa, mimi bado ninalo. Nikikuwashia mshumaa wako kwa mshumaa wangu, wangu haupungui. Kwa hiyo wizi wa wazo, kama ni wizi, si wa namna ile ile.

Jibu la tatu husema kwamba hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na jamii. Yeye hutoa siri yake, nayo jamii humlinda kwa muda. Muda ukiisha, wazo huwa la watu wote. Mimi naelekea kwenye jibu hili la tatu, na sababu zangu sikuzipata katika vitabu vya sheria bali katika mifereji ya hapa kwetu.

Mto Nduruma hushuka kutoka Mlima Meru, na tangu zamani watu wameuchimbia mifereji kupeleka maji mashambani. Hakuna aliyewahi kudai kwamba maji ni yake. Maji ni ya mlima, na mlima ni wa Mungu. Lakini mfereji una historia. Kuna waliotangulia kupima mteremko kwa macho, wakachimba na kupasua mawe, nao hupewa heshima na kusikilizwa kwanza. Hata hivyo heshima hiyo ina masharti. Maji huenda kwa zamu, na zamu yako ikiisha, hata kama kitaru kimoja hakijalowa, unafunga. Asiyekuja kusafisha mfereji hutozwa faini. Na tena, mtu mwenye kiu akichota maji ya kunywa hakuna anayemwuliza zamu yake ni lini. Basi humo katika mfereji mmoja umo uamuzi mzima: chanzo ni cha wote, kazi ina mwenyewe, haki ya mwenyewe ina kikomo, na kiu ya binadamu hutangulia.

Hataza iliyo ya haki haina budi kufanana na zamu ya maji. Wanaokasirika kusikia kwamba wazo linamilikiwa wamelitazama lango likiwa limefungwa, wakasahau kuuliza litafunguliwa saa ngapi. Na wanaotaka haki hiyo idumu milele wanadai kugeuza zamu kuwa umiliki wa mto.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, mwana wa jirani. Baada ya shikamoo na marahaba akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?"

"Mashine ya kupukuchua mahindi."

Nikamwambia nilikuwa nimeiona mashine hiyo asubuhi ile ile mbele ya karakana yake. Akajibu, "Ile ipo. Wameiba jinsi ilivyo."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amevichomelea vyuma vya ngoma kwa mshazari badala ya kuvinyoosha, na akaongeza feni ya kupeperusha makapi, hata gunzi likatoka zima na punje zikatoka safi. Fundi wa kijiji cha pili alikuja kama mteja, akaitazama kwa makini, na baada ya wiki chache akaanza kuuza zake kwa bei ya chini. Nilimwuliza kijana yeye mwenyewe alijifunzia wapi. Akasema alianza kwa kutengeneza mashine mbovu ya mkulima mmoja, akaona ilivyo ndani. Basi naye aliyanywa maji ya mfereji uliochimbwa na wengine, na kilichokuwa chake ni ule mshazari na ile feni. Nilipopata nafasi ya kuzungumza na yule fundi wa pili, alinijibu bila haya, "Mzee, chuma nimenunua mimi, umeme nalipa mimi, jasho ni langu. Macho nayo nimeazima kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumfunga mdomo, na sidhani kwamba baraza lolote la kijiji lingekuwa nalo. Maadili yetu ya asili hayajatunga neno la kosa lile. Lakini nilijua jambo moja: yule kijana alikuwa ameumia kweli, na asingekuwa na hamu ya kubuni tena. Hiyo ndiyo hasara ambayo haionekani. Kijiji kilipata mashine ya bei nafuu mwaka ule, lakini huenda kilipoteza mashine nyingine ambazo hazikuundwa. Nilimshauri aandike jina lake na namba kwenye kila mashine, awape wateja ahadi ya matengenezo, na siku nyingine akibuni kitu asikionyeshe hadharani kabla ya kuuliza habari za kukiandikisha, maana kitu kilichokwisha tangazwa chaweza kukosa sifa ya kuwa kipya. Anaendelea na kazi. Wateja wengine humfuata kwa ajili ya lile jina.

Kuna watakaosema, "Mzee, tiba ya ugonjwa huu ni kuficha." Ndivyo walivyofanya wazee wetu wengi. Mhunzi alimfundisha mwanawe peke yake, na mganga aliondoka na mizizi yake kichwani. Naijua hasara ya desturi hiyo, kwa kuwa nimezika wazee waliokuwa na elimu ambayo sasa haipo popote duniani. Siri humlinda mwenye nayo hadi kaburini, halafu hulindwa na udongo. Mapatano ya hataza yametungwa kupambana na jambo hilo hasa. Humwambia mvumbuzi: usife nalo, liandike, nasi tutakulinda.

Naijua pia hoja nzito zaidi, kwamba hataza ni sheria ya wenye nguvu. Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo waziwazi. Kabla ya sheria yetu ya mwaka 1987, mtu hakuweza kupata hataza ya Tanzania bila kuipata kwanza Uingereza. Leo maombi hupelekwa BRELA Dar es Salaam, au katika shirika la kanda, ARIPO, lenye makao Harare. Isitoshe, tuliona wakati wa janga la UKIMWI jinsi dawa zilivyokuwapo duniani huku watu wetu wakifa kwa sababu ya bei. Mwaka 2001 makampuni 39 ya dawa, yaliyokuwa yameishitaki serikali ya Afrika Kusini, yaliiondoa kesi hiyo mbele ya macho ya dunia nzima, na mwezi Novemba mwaka huo huo mkutano wa biashara wa dunia huko Doha ukatamka kwamba kanuni za hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Hapo dunia ilikubali, kwa kuchelewa, kanuni ile ya mfereji kwamba mwenye kiu haulizwi zamu. Ninasema kwa kuchelewa kwa sababu waliokwisha kufa hawakurudi.

Lakini hapana budi tujiambie ukweli mwingine usiopendeza. Zile hataza za mwanzo za Corning juu ya uzi wa kioo zilitolewa mwaka 1972 na 1973. Kampuni ilizilinda kwa ukali. Mwaka 1987 mahakama ya New York iliamua kwamba Sumitomo ya Japani ilikuwa imezivunja. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hataza iliishi miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo mwaka 1989 na 1990 zamu ya Corning ikaisha. Maelezo ya jinsi ya kutengeneza uzi ule yakawa huru kwa Mmarekani, kwa Mjapani na kwa Mwarusha wa Nduruma. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, mwaka ule ule Charles Kao alipopewa Tuzo ya Nobel, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Lango lilikuwa wazi kwa takriban miaka ishirini, nasi bado tuliununua uzi huo kutoka nje. Hatukuzuiwa na hataza. Tulikosa tanuri, maabara, mtaji, na walimu wa fizikia wa kutosha. Kuilaumu hataza kwa kila jambo ni sawa na mkulima anayeulaumu mfereji ilhali hajachimba mtaro wa kuyafikisha maji shambani kwake.

Haina maana kwamba hatuna wabunifu. Tunao, na baadhi wako jirani kabisa. Msomaji wa Arusha anajua habari ya meno yetu. Maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi, na watoto waliokua wakiyanywa hutambulikana kwa meno ya kahawia popote waendapo, na wengine hata mifupa hupinda. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, na mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arumeru, alibuni kichujio kinachopitisha maji kwanza katika mchanga, kisha katika vitu vya chembe ndogo mno zinazonasa floridi na madini mengine. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Jina la kichujio chake alikwisha liandikisha kisheria, na akaanzisha kampuni aliyoipa jina la kijiji chake. Sioni aibu yoyote katika kuandikisha kule. Mtu aliyekulia penye maji mabaya amepata njia ya kuyasafisha, ameilinda, na ameifanya kazi yenye ajira. Kwake ulinzi na huduma havikugombana.

Na yuko mwingine ambaye hakuandikisha chochote. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko ya baridi alipokuwa akitengeneza aisikrimu. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka, lakini mgeni akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa, na jina la Mpemba likatangulia la Osborne. Wataalamu wanaendelea kulibishania jambo hilo, na dunia nzima huliita kwa jina lake. Hakupata hata senti kwa sababu hiyo, lakini hakuibiwa. Osborne angeweza kulichukua swali lile akaliandika peke yake, na nani angejua? Alitenda haki mahali ambapo hapakuwa na sheria ya kumlazimisha.

Ndipo ninapofikia hukumu yangu, ambayo msomaji yu huru kuipinga. Kwanza, mvumbuzi ana haki mbili, jina na ujira. Ujira una mwisho, bali jina halina. Kumnyang'anya mtu jina la kazi yake ni dhuluma hata kama umemlipa, na ndiyo sababu kisa cha Mpemba kinapendeza. Pili, mwajiri aliyetoa mtambo na mshahara ana fungu lake, lakini fungu hilo halimpi ruhusa ya kumtupia mfanyakazi makombo wakati yeye anakula mnofu. Ndilo jambo ambalo kesi ya Nakamura iliwafundisha waajiri. Tatu, haki ya wazo iwe ya zamu, na mahali penye uhai wa watu zamu iwe tayari kupisha. Nne, sisi tunaopokea tuna wajibu pia. Lango likifunguliwa na sisi tumelala, tusiseme tumenyimwa maji.

Wajibu huo wa nne unaanzia darasani. Kabla ya hataza kuna wazo, na kabla ya wazo kuna swali la mtoto ambalo mwalimu ama amelipokea ama amelicheka. Nchi haiwezi kuandikisha kile ambacho imekizima kikiwa kichanga. Walimu vijana hunilalamikia kwamba hawana vifaa. Ni kweli, na serikali ihimizwe. Lakini chupa ya maji, msumari na tochi vinapatikana katika kila kijiji. Mwonyesheni mtoto mwanga ukipinda pamoja na maji, kisha nyamazeni, mngoje atauliza nini. Akiuliza, andikeni swali lake, na pembeni mwandike jina lake na tarehe.